Kushika Jeni, Kuachia Jeni

Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Connecticut kule Farmington, Marekani, panya wa maabara walidungwa mshipani kimiminika kilichobeba jeni ya bakteria. Baada ya siku moja maini yao yalitolewa, yakasagwa, yakapimwa kama yana kimeng'enya kiitwacho CAT. Panya hana kimeng'enya hicho, wala binadamu hana. Ni silaha ya bakteria dhidi ya dawa ya kloramfenikoli. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya ubishi. Kikionekana ndani ya kiungo cha panya, basi seli za kiungo hicho zimeipokea jeni ngeni, zimeisoma na kutengeneza kile ilichoagiza. Kilionekana kwenye ini. Katika viungo vingine vilivyopimwa hakikuwamo.

Waliofanya kazi hiyo ni mume na mke, George Wu na Catherine Wu. Miaka hiyo, aliyewaza kutibu magonjwa ya kurithi kwa kumpa mgonjwa jeni nzima badala ya ile yenye hitilafu aliwaza kwanza virusi, na alikuwa na sababu: kuingiza jeni ndani ya seli ya mwingine ndiyo kazi inayoviweka virusi hai. Wao wawili walishika njia nyingine. Walichukua polima, yaani molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, wakaibadilisha kikemia kwa kuipachika protini, na polima hiyo ndiyo iliyobeba jeni hadi kwenye ini la mnyama aliye hai.

Habari za polima hizi hazijulikani sana nje ya maabara, nami naona hiyo ni hasara. Tumesimuliwa mengi kuhusu chanjo za mRNA na mkasi wa CRISPR. Lakini dawa ya jeni, iwe nzuri vipi, haina faida mpaka ifike ndani ya seli inayohitajika, na suala la kuifikisha ndilo lililokula miaka mingi, fedha nyingi na uhai wa baadhi ya watu. Kwenye polima ndiko ugumu wa suala hilo ulikoonekana waziwazi, hatua kwa hatua, mnyama kwa mnyama.

DNA yenyewe ni polima. Kila kipande chake kina fosfati yenye chaji hasi, na kwa kuwa vipande ni maelfu kwa maelfu, uzi mzima ni chaji hasi tupu. Utando wa seli nao una chaji hasi kwa nje, na chaji zinazofanana husukumana. Zaidi ya hapo, DNA ikiingia peke yake kwenye damu hukutana na vimeng'enya vinavyoikatakata kwa dakika chache. Suluhisho la kwanza kwa matatizo yote mawili lilikuwa la kikemia: tafuta molekuli ndefu yenye chaji chanya nyingi, uichanganye na DNA, nazo zitashikana zenyewe. Uzi uliokuwa umetanda hujikunja ukawa chembe ndogo, mara nyingi ya nanomita mia moja hivi, na vimeng'enya vikakosa pa kung'ata.

Antti Vaheri na Joseph Pagano walilitumia wazo hilo mwaka 1965. Walichukua dekstrani, polima ya sukari inayotengenezwa na bakteria, ikiwa imeunganishwa na vikundi vyenye chaji chanya vinavyofupishwa DEAE. Walipoichanganya na RNA ya virusi vya polio, uwezo wa RNA hiyo kuambukiza seli uliongezeka sana. Mwaka 1968 McCutchan na Pagano wakaonyesha jambo hilohilo kwa DNA ya virusi vya SV40. DEAE-dekstrani ikawa kitu cha kawaida kwenye rafu za maabara kwa miaka mingi. Yote hayo, hata hivyo, yalifanyika kwenye sahani za kuoteshea seli, ambako hakuna damu inayopita, hakuna ini linalochuja, hakuna kinga ya mwili inayouliza mgeni ametoka wapi.

Njia ya kutoka kwenye sahani kwenda kwa mnyama ilifunguliwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gilbert Ashwell wa taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, na Anatol Morell wa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein jijini New York walikuwa wakichunguza seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu. Walitaka kuifuatilia mwilini, kwa hiyo walihitaji kuitia alama ya mionzi. Namna ya kuitia alama iliwalazimu kwanza kuondoa asidi ya sialiki, sukari iliyokaa kwenye ncha za matawi ya sukari ya protini hiyo. Wakaidunga kwa sungura. Seruloplasmini ya kawaida hukaa damuni kwa siku kadhaa. Hii iliyopunguzwa ncha ilitoweka kwa dakika. Ilikuwa imeingia kwenye ini. Asidi ya sialiki ilipoondolewa, sukari ya chini yake, galaktosi, ilibaki wazi, na seli za ini zina kipokezi kinachoikamata galaktosi na kuivuta ndani pamoja na chochote kilichoshikamana nayo.

George Wu na Catherine Wu waliona kwamba "chochote" kinaweza kuwa jeni. Walichukua protini nyingine ya damu, orosomukoidi, wakaiondolea asidi ya sialiki, kisha wakaifunga kikemia kwenye polilisini, mnyororo wa asidi ya amino iitwayo lisini ambao kila kipande chake kina chaji chanya. Polilisini ishike DNA. Orosomukoidi ilitafute ini. Mwaka 1987 walifaulu kwa seli zilizooteshwa kwenye sahani, na mwaka uliofuata wakafaulu kwa panya.

Yaliyofuata yalitia moyo na kuukatisha kwa wakati mmoja. Jeni ilifanya kazi kwa muda mfupi kisha ikanyamaza. Waligundua kwamba wakiondoa theluthi mbili ya ini la panya, hata sehemu iliyobaki ikalazimika kukua upya, jeni hudumu kwa majuma. Mwaka 1991 waliitumia mbinu hiyo kwa panya wa Nagase, ukoo wa panya kutoka Japani wanaozaliwa karibu bila albumini katika damu, na albumini ya binadamu ikaonekana ikizunguka mwilini mwao. Mwaka 1992, wakiwa na James Wilson, waliwaendea sungura wa Watanabe. Sungura hawa walitokana na mnyama mmoja aliyetambuliwa na Yoshio Watanabe kule Kobe mwaka 1973. Damu yao imejaa kolesteroli kwa sababu kipokezi kinachopaswa kuiondoa kina hitilafu, na ugonjwa wao una ndugu yake kwa binadamu: watoto wanaoupata kutoka kwa wazazi wote wawili huweza kupata mshtuko wa moyo kabla hawajafikia utu uzima. Polilisini ilibeba jeni ya kipokezi kizima hadi kwenye maini ya sungura. Kolesteroli ikashuka. Baada ya siku chache ikarudi ilikokuwa.

Wilson alikuwa daktari, na naelewa kwa nini hakuridhika. Huwezi kumkatia mtoto theluthi mbili ya ini ili dawa idumu, wala huwezi kumwambia mzazi kwamba nafuu ni ya siku chache. Njia yake ikaelekea kwenye virusi, na tutakutana naye tena.

Kwa nini jeni nyingi zilipotea? Seli ikikamata kitu kwa kipokezi, haikiachi kitembee huru ndani yake. Inakifunika kwa kipande cha utando wake na kukifanya kifuko, endosomu, kisha inasukuma protoni ndani ya kifuko hicho mpaka kinakuwa na asidi. Mwisho wa safari ni lisosomu, ambako vimeng'enya humeng'enya kila kilichoingia. Polilisini iliishika DNA vizuri, ikaifikisha mlangoni, ikaingia nayo, kisha vyote viwili vikaishia kwenye machinjio hayo. Kule Vienna, Ernst Wagner, Max Birnstiel na wenzao waliotumia polilisini iliyofungwa kwenye transferini, protini inayobeba chuma, walikutana na ukuta uleule. Kwenye sahani waliongeza klorokwini, dawa ile ile ya malaria tunayoijua, kwa kuwa inavuruga asidi ya endosomu. Mwaka 1991 wakafika mbali zaidi pamoja na David Curiel: waliongeza adenovirusi kwenye mchanganyiko ili vipasue endosomu na jeni ipate kutoka. Ilifanya kazi vizuri sana kwenye sahani. Lakini waliokuwa wakivikimbia virusi walikuwa wameishia kuviomba msaada.

Aliyelitazama tatizo upya ni Jean-Paul Behr, mkemia wa Strasbourg, Ufaransa. Hoja yake ni rahisi kuifuata. Katika polilisini karibu kila naitrojeni inayoweza kubeba protoni imeshabeba yake tangu kwenye damu. Haina nafasi ya nyingine. Je, ingekuwaje kama polima ingekuwa na naitrojeni nyingi ambazo bado hazina protoni, zikisubiri asidi? Polima ya namna hiyo ilikuwapo kwa miongo mingi, tena kwa mapipa, katika viwanda vya karatasi na usafishaji wa maji: polietilenimini, PEI. Atomu ya tatu, ya sita, ya tisa, na kuendelea hivyo kwenye mnyororo wake wote, ni naitrojeni. Ni miongoni mwa polima za kikaboni zenye msongamano mkubwa kabisa wa chaji.

Mwaka 1995 Otmane Boussif, Behr, Barbara Demeneix wa Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia jijini Paris na wenzao walichapisha matokeo. PEI peke yake, bila virusi, bila klorokwini, bila protini ya kuielekeza, iliingiza jeni kwenye seli za aina nyingi, na ilipodungwa kwenye ubongo wa panya wachanga ikafanya kazi huko pia. Maelezo ya Behr yakajulikana kwa jina la sifongo ya protoni. Seli inaposukuma protoni ndani ya endosomu, PEI inazinyonya. Asidi haipandi, kwa hiyo pampu inaendelea. Kloridi inafuata protoni, maji yanafuata kloridi, na kifuko kinavimba mpaka kinapasuka. Wataalamu wamebishana juu ya maelezo hayo. Mwaka 2003 Sonawane, Szoka na Verkman walipima na kuona kweli kloridi inajilimbikiza na endosomu zinavimba. Mwaka 2013 kundi lingine likapima asidi ndani ya lisosomu na kukuta PEI haiibadilishi kama ilivyodhaniwa. Polima ilikuwa ikifanya kazi kwenye maabara duniani kote huku sababu yenyewe ikibishaniwa, jambo ambalo katika historia ya tiba si geni.

Ubongoni sindano inalenga mahali. Damu ni habari nyingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 makundi kadhaa yalianza kuidunga PEI na DNA kwenye mshipa wa mkia wa panya, na jeni waliyoipenda ilikuwa ya kimulimuli. Jeni hiyo hutengeneza lusiferasi, kimeng'enya kinachompa mdudu huyo mwanga wake. Unasaga kiungo cha panya, unaongeza lusiferini, unaweka kichupa ndani ya mashine inayohesabu mwanga; kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo jeni ilivyopokelewa na seli nyingi. PEI yenye matawi iliwaua baadhi ya panya. PEI ya mnyororo ulionyooka, yenye uzito wa kilodaltoni 22, ilivumilika zaidi, na mwaka 1998 Demeneix na wenzake walionyesha mwanga mwingi ukitoka mapafuni.

Furaha hiyo ilikuwa na upande wa pili. Chembe zenye chaji chanya hazisubiri kufika kwenye seli unayoitaka. Zinashikana na protini za damu, zinashikana na seli nyekundu, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na mafungu yanayotokea hukwama kwenye mishipa myembamba ya kwanza yanayoikuta, ambayo kwa sindano ya mshipani ni ile ya mapafu. Sehemu ya "upendeleo" wa mapafu ilikuwa ni msongamano tu. Nguvu ileile iliyoishika jeni ndiyo iliyoushika mwili wa mnyama, na ukiizidisha, mnyama hufa.

Tarehe 17 Septemba 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, siku nne baada ya kudungwa adenovirusi zilizobeba jeni ya kurekebisha ugonjwa wa ini aliozaliwa nao. Aliyeongoza taasisi iliyoendesha jaribio hilo ni James Wilson. Kinga ya mwili ya Jesse ilikuwa imevishambulia virusi hivyo kwa nguvu iliyoangusha viungo vyake kimoja baada ya kingine. Hakuwa mahututi alipojitolea. Chakula maalumu na dawa vilikuwa vikimsaidia kuishi, na alikubali kwa sababu aliambiwa kwamba kinachojifunzwa kwake kingewafaa watoto wachanga wenye ugonjwa huo. Kila ninaposoma ripoti za miaka hiyo naona wakemia wa polima wakimtaja, au wakiutaja mwaka wake, mwanzoni mwa makala zao. Swali lilikuwa limepata uzito mpya: kama virusi vinaweza kufanya hivi, je, kuna kibebeo tunachoweza kukiunda sisi wenyewe, kipande kwa kipande, tukijua kila kilichomo?

Kazi ya kurekebisha ikashika kasi. Mwaka huohuo wa 1999 Manfred Ogris, Wagner na wenzao kule Vienna waliipachika kwenye chembe za PEI minyororo ya PEG, polima isiyo na chaji inayovuta maji na kujifunika nayo. Protini za damu zikakosa pa kushika, chembe zikazunguka kwa muda mrefu zaidi, na panya wenye uvimbe wa saratani wakaonyesha mwanga mwingi kwenye uvimbe kuliko kwenye mapafu. Kisha kikaja kikwazo kingine: vazi linaloizuia damu isishike chembe huizuia pia seli isiishike, na huizuia chembe isitoke kwenye endosomu. Ikabidi PEG yenyewe ifungwe kwa kiungo cha kikemia kinachokatika kwenye asidi, ili ivuliwe ikishaingia ndani. Mwaka huohuo kule Johns Hopkins, Krishnendu Roy, Kam Leong na wenzao waliwalisha panya kitosani, polima inayotokana na magamba ya kaa na kamba, ikiwa imebeba jeni ya protini ya karanga, na panya hao wakapata kinga ya kiasi dhidi ya mzio wa karanga.

Mwaka 2000 David Lynn na Robert Langer wa MIT walitoa polima inayojivunja. Waliunganisha amini na akrilati, wakapata minyororo yenye viungo vya esta ambavyo maji huvikata polepole, ili kibebeo kisibaki mwilini baada ya kazi. Kemia yake ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuifanya mamia kwa mamia kwa mpigo. Kufikia 2003 Daniel Anderson na wenzake walikuwa wametengeneza na kujaribu polima 2,350, nyingi zao hazina lolote, chache bora kuliko PEI. Miaka michache baadaye Akin Akinc, Anderson na wenzao walichukua mbinu hiyohiyo ya amini na akrilati wakaitumia kwenye molekuli za mafuta, na mengi yaliyojulikana baadaye kuhusu chembe za mafuta zinazobeba RNA yalipita kwenye mlango huo.

Ila tukio ninalolipenda kuliko yote katika historia hii ni dogo. Kule MIT, Alexander Klibanov na mwanafunzi wake Mini Thomas walikuwa wakiibadilisha PEI kwa kuipachika vikundi mbalimbali, na walikuwa wamepata nafuu hapa na pale. Kisha wakaitazama PEI ya mnyororo ulionyooka ya kilodaltoni 25 iliyokuwa ikinunuliwa na maabara nyingi. Polima hiyo haitengenezwi moja kwa moja. Hutengenezwa polima nyingine kwanza, ambayo kila naitrojeni yake imefungwa kikundi cha kikemia (acyl), halafu vikundi hivyo huondolewa kwa kuchemshwa. Thomas na wenzake walikuta kwamba havikuwa vimeondolewa vyote; takriban naitrojeni moja kati ya kila kumi bado ilikuwa imefungwa. Hawakuongeza chochote. Walimalizia tu kuondoa. Kwenye sahani, polima iliyosafishwa ikawa bora mara 21. Ndani ya panya walio hai, ikawa bora mara 10,000, na upendeleo wake kwa mapafu ukaongezeka mara 1,500. Hiyo ilikuwa 2005.

Ukitafakari tofauti kati ya 21 na 10,000 utaelewa kwa nini kazi hii imechukua miongo. Sahani ilikuwa imesema ukweli, lakini ukweli mdogo. Watafiti wangapi waliitupa polima nzuri kwa sababu sahani haikuisifu, na wangapi walimsifu farasi wa sahani ambaye hangefika popote ndani ya mwili? Mnyama alikuwa akipima vitu ambavyo sahani haina: chembe inadumu vipi damuni, inashika nini njiani, inaachia lini. Thomas, Klibanov na wenzao walitumia pia PEI nyingine safi ya mnyororo ulionyooka kubeba siRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni, dhidi ya virusi vya mafua kwenye mapafu ya panya, na idadi ya virusi ikashuka kwa asilimia 94.

Kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu njia ikawa nyembamba. Mark Davis wa Caltech alikuwa mhandisi wa kemia wa viwandani hadi katikati ya miaka ya 1990, mkewe alipougua saratani ya matiti. Mateso ya tiba yake ndiyo yaliyomgeuza Davis kuelekea dawa. Alibuni polima yenye siklodekstrini, pete za sukari ambazo ndani yake molekuli ya adamantani hujikita kwa uthabiti. PEG na transferini zikaning'inizwa kwenye adamantani hizo. Mwaka 2008 wagonjwa wa kwanza wa saratani walianza kudungwa chembe za polima hiyo zilizobeba siRNA, na mwaka 2010 vipande vya uvimbe vilivyokatwa kwa wagonjwa watatu wa saratani ya ngozi vilionyesha chembe hizo ndani ya seli, na katika mgonjwa mmoja ushahidi kwamba RNA iliyolengwa ilikatwa pale pale ilipopaswa kukatwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kuonekana kwa binadamu kupitia damu. Hata hivyo dawa yenyewe haikufika sokoni.

Kule Madison, Wisconsin, Jon Wolff alikuwa amelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1990 yeye, Philip Felgner na wenzao walidunga DNA na RNA tupu kwenye msuli wa panya, bila kibebeo chochote, na msuli ukazisoma. Wengi waliokuwa na vibebeo mkononi hawakulitarajia. Mwaka 2007 Wolff, David Rozema na wenzao wa kampuni ya Mirus Bio walileta polima iliyorekebishwa kwa ustadi ambao mpaka leo nauona wa juu kabisa. Mnyororo wake una uwezo wa kupasua utando, kwa hiyo ni sumu ukiachwa wazi. Waliufunika wote kwa vikundi vinavyodondoka kwenye asidi ya endosomu tu. Baadhi ya vifuniko hivyo vilikuwa PEG. Vingine vilibeba galaktosi ya aina ya GalNAc, ili kipokezi cha Ashwell na Morell kiikamate. Nje ni mpole, ndani ya endosomu anavua na kupasua. Siyo jeni nzima iliyobebwa, ni siRNA, lakini kwenye maini ya panya ilizima jeni iliyolengwa bila kuleta madhara makubwa.

Kampuni ikauzwa kwa Roche, kisha maabara ikaingia mikononi mwa Arrowhead, ambayo iliiendeleza njia hiyo ikafikia majaribio kwa watu wenye homa ya ini aina ya B. Novemba 2016 ilijulikana kwamba nyani waliokuwa wakipewa dozi kubwa za kibebeo kilichozaliwa na wazo hilo walikuwa wamekufa. Mpango mzima ukafungwa. Na wakati huo historia ilikuwa tayari imeanza kupinda kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri mwaka 1988: ilikuwa imeonekana kwamba ukiimarisha siRNA yenyewe kikemia mpaka vimeng'enya vishindwe kuikata, unaweza kuifunga GalNAc moja kwa moja na kuiacha polima kabisa. Givosirani, dawa ya kwanza ya aina hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Anwani iliyogunduliwa kwa sungura imebaki, gari limeondolewa.

Kwa jeni nzima hilo haliwezekani, kwa kuwa uzi wake ni mrefu mno na lazima ukunjwe. Hapo polima zimepata kazi ambayo Behr hakuitafuta. Virusi vya AAV, vinavyobeba tiba nyingi za jeni zilizoidhinishwa leo, hutengenezwa kwa kuingiza plasmidi kadhaa, yaani pete za DNA, kwa pamoja ndani ya seli za binadamu zilizooteshwa kwenye matangi, na mara nyingi kinachoziingiza ni PEI. Polyplus, kampuni iliyoanzishwa karibu na Strasbourg mwaka 2001 na kujijenga juu ya PEI, ilinunuliwa mwaka 2023 na Sartorius kwa takriban euro bilioni 2.4. Kwa miili ya watu wenyewe, mafanikio yaliyokaribia zaidi yamekuwa mahali ambapo damu inakwepwa, kama kibofu cha mkojo, ambako dawa huingizwa kwa mpira na kuachwa igusane na saratani moja kwa moja.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina sura ya mtoto mwenye selimundu. Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, ambako Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa hao mwaka 2004, ni moja ya vituo vilivyokusanya kumbukumbu nyingi kuhusu ugonjwa huu duniani. Tiba ya CRISPR iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 inarekebisha seli za uloto nje ya mwili: zinavunwa, zinafunguliwa kwa umeme badala ya polima, zinarekebishwa, kisha mgonjwa anapewa kemikali kali ya kuua uloto uliobaki kabla ya kurudishiwa zilizorekebishwa. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Hospitali chache sana barani zinaweza kuifanya kazi hiyo, hata kama dawa ingetolewa bure. Oktoba 2019 NIH na taasisi ya Gates zilitangaza angalau dola milioni 200 kwa miaka minne kutafuta tiba za selimundu na VVU zinazofanyika ndani ya mwili, kwa sindano, na zinazoweza kutumika kusini mwa Sahara.

Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwa panya kwamba chembe za mafuta zilizopachikwa kingamwili zinaweza kuzifikia seli mama za damu ndani ya uloto. Wakemia wa polima wako kwenye mbio hizohizo, na mpinzani wao ni ini, ambalo bado hukamata sehemu kubwa ya kila kinachoingia mshipani kabla hakijafika mfupani. Mpaka sasa ninapoandika, hakuna polima iliyofikisha jeni kwenye uloto wa binadamu kwa sindano ya mkononi.